Bel Air yako ni Two-Ten: jibu kwa msomaji wa Columbus

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Naishi Columbus, Ohio, kwetu asili ni Mombasa. Nimeona Chevrolet Bel Air ya 1957 inauzwa, milango minne, nyeusi yenye paa jeupe, injini V8. Mwenyewe anasema kila kitu ni cha asili. Bei yake ni kama theluthi ya ile ya milango miwili niliyoiona mwaka jana, na wenzangu kazini wananicheka, ati milango minne ni gari la bibi. Nina mke na watoto watatu, nataka tuwe tunatoka nayo Jumapili. Bati la namba mlangoni linaanza B57F. Ninunue? Na je, siku moja naweza kuipeleka nyumbani?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini jibu kubwa umelileta mwenyewe bila kujua, kwenye ile B57F. Gari hilo si Bel Air, na halikutoka kiwandani na V8, yaani injini ya silinda nane.

Bati unaloliona limefungwa kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva, na husomwa hivi. Gari lililotoka na V8 huanza na herufi V. Lililotoka na silinda sita halina V, linaanza moja kwa moja na herufi ya daraja: A ni One-Fifty, gari la bei ya chini kabisa, ambalo makampuni na polisi walilipenda, B ni Two-Ten, la kati, C ndiyo Bel Air. Halafu 57, mwaka. Halafu kiwanda: F ni Flint, Michigan. Ingekuwa N ningekuambia limezaliwa hapo hapo Ohio, Norwood, pembeni ya Cincinnati. Kwa hiyo Bel Air ya V8 ingeanza VC57. Lako ni Two-Ten ya silinda sita kutoka Flint, iliyovishwa kanzu ya harusi ya mtu mwingine.

Usikimbilie kumwita mwenye gari mwongo. Limepita mikono mingi, na huenda yeye alilinunua likiwa tayari limevishwa. Kulivisha ni rahisi mno. Bodi ya Two-Ten na ya Bel Air ni ile ile, tofauti iko kwenye mapambo. Ubavuni, Bel Air ina bamba la alumini lenye mistari linalojaza ile nafasi inayopanuka kuelekea kwenye pezi la nyuma. Two-Ten ina ukingo wa chuma king'aacho tu, na ndani yake ni rangi. Bel Air ina alama tatu za dhahabu kwenye kila madigadi ya mbele, na wavu wa grili wa rangi ya dhahabu. Wa Two-Ten ni wa fedha. Vyote hivi leo vinatengenezwa upya na kuuzwa kwa posta. Mtu mwenye drili na wikendi mbili anaweza kumpandisha cheo Two-Ten yeyote.

Injini nayo haithibitishi kitu. Akikwambia "ni 283 halisi", mwitikie kwa adabu. Injini ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6, ilianza 1957 lakini ikaendelea kutengenezwa hadi 1967, tena kwa wingi. Iliyomo humo inaweza kuwa ya 1964 iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Tazama radieta: magari yaliyotoka na silinda sita yalifungwa radieta mbele ya ile fremu inayoishikilia, ya V8 ikawa nyuma yake. Ukiikuta mbele, ni ushahidi mwingine juu ya ule wa bati.

Sasa fungua boneti utafute bati la pili, dogo, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hilo ni la Fisher, watengenezaji wa bodi za General Motors, kampuni mama ya Chevrolet. Kwenye mstari wa mtindo, Two-Ten ya milango minne huandikwa 57-1019; Bel Air huongezewa herufi D. Mabati yote mawili yakisema jambo moja, na namba ya mlangoni ikafanana tarakimu kwa tarakimu na hati ya umiliki, gari ni safi ingawa jina si lake. Hati ikitofautiana na bati hata kwa herufi moja, funga boneti, shukuru kwa chai, ondoka. Hilo si suala la bei tena. Idara ya magari ya jimbo inaweza kulizuia gari hilo siku utakayokwenda kuandikisha, na utabaki na sanamu.

Je, kuwa Two-Ten ni msiba? Kwa gari la milango miwili ningesema ndiyo, kwa sababu wanunuzi wake hulipia jina. Kwa la milango minne, hapana. Mwaka 1957 sedani ya milango minne ya Two-Ten ndiyo iliyotengenezwa kuliko Chevrolet nyingine yoyote: 260,401. Ya Bel Air yenye umbo hilo hilo ilifuata kwa karibu, 254,331. Bei ya kuanzia, kwa silinda sita, ilikuwa dola 2,174 kwa Two-Ten na dola 2,290 kwa Bel Air. Yaani baba mwenye familia alisimama dukani akatafakari dola 116, na wengi waliamua kuwa dhahabu kwenye grili haiwapeleki watoto shule. Mimi nampenda baba huyo.

Na hapo ndipo penye kicheko cha wenzako. Wanaokucheka wanarudia wasemayo wakusanyaji tangu zamani, kwamba milango miwili ni ya kijana na milango minne ni ya wazazi. Vijana waliokuwa na miaka 16 enzi hizo walipopata pesa ukubwani walikwenda kununua gari walilolitamani, si lile walilopakiwa nyuma kwenda kanisani. Ndiyo maana Sport Coupe isiyo na nguzo ya katikati hupanda bei, japo ilitengenezwa 166,426, si haba hata kidogo. Sedani zikageuzwa ghala la spea. Boneti, madigadi ya mbele, bampa, dashibodi vinaingiliana na vya milango miwili, basi watu walinunua sedani nzima, wakaifyeka pua, kilichobaki wakakipeleka kwenye vyuma chakavu. Nimeshiriki dhambi hiyo mwenyewe nilipokuwa fundi mdogo, na sioni fahari. Sedani iliyobaki nzima leo ni manusura.

Nikueleze kidogo na hayo mapezi, maana ndiyo yaliyokuvuta, usinifiche. Hayana kazi. Yalianza kwenye Cadillac ya 1948, baada ya Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, na vijana wake kuiona ndege ya kivita P-38 yenye mikia miwili. Kwenye Cadillac ya 1959 yalifika urefu ambao hata Wamarekani walianza kucheka. Chevrolet ya 1957 iko katikati ya safari hiyo: pezi limeinuka, lakini bado lina heshima. Na lilikuwa vazi jipya juu ya mwili wa zamani, kwani bodi ilikuwa ile ya 1955 ikiingia mwaka wa tatu, huku Ford na Plymouth wakileta bodi mpya kabisa. Plymouth ilitangazwa kana kwamba 1960 imeshafika. Kwa hesabu ya modeli za 1957, Ford iliizidi Chevrolet kwa mauzo. Lakini Plymouth zile za kupendeza ziliota kutu mapema na kuvuja mvua, ilhali Chevrolet ya bodi kuukuu iliendelea kutembea mikononi mwa mnunuzi wa pili, wa tatu, wa nne. Hadi leo Havana wanabebea abiria magari ya enzi hiyo, mengi yakiwa na injini za dizeli za kuokoteza.

Ila Havana hakuna theluji. Columbus ipo, na kila baridi barabara humwagwa chumvi. Kwa hiyo sikia neno langu moja, ukisahau mengine yote: nunua bati la chini, usinunue mng'aro. Kromu hurudishwa kwa pesa. Injini huvunjwa na kujengwa upya kwa siku chache, na ni katika injini rahisi zaidi duniani. Bodi ya milango minne iliyooza haina pa kurudi. Kwa milango miwili na ile inayofunguka paa zipo bodi nzima mpya zinazopigwa leo kwa chuma kipya. Kwa sedani yako, milango ya nyuma na paa utavitafuta kwenye mashamba ya magari mabovu.

Nenda mchana, si jioni, na si siku ya mvua, kwa sababu rangi iliyolowa huficha kila kitu. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini, tochi, bisibisi, na nguo usiyoionea huruma. Pitisha sumaku sehemu ya chini ya kila kipande: madigadi ya mbele nyuma ya gurudumu, kingo za chini za milango, ukingo chini ya milango, robo za nyuma chini ya mapezi. Sumaku ikishika vizuri hapa na kuteleza pale, pale pana puti, ule udongo wa kuzibia bati. Puti nyembamba si kosa. Hakuna gari la umri huo lisilo nayo. Puti nene kama chapati ndiyo shida.

Kisha nenda mahali ambapo wengi hawaangalii, juu ya taa za mbele. Mwaka 1957 mainjinia walihamisha matundu ya kuingizia hewa ndani ya gari wakayaweka juu ya taa kubwa, ndiyo maana taa zile zina nyusi pana. Matope na majani huingia humo, hukaa, hushika unyevu, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona vipele vya rangi kwenye nyusi, ndani kumeshakwisha.

Ingia chini. Jeki peke yake usiiamini, weka stendi. Chasisi ya gari hili ni nene na mara nyingi imesalimika. Kinachooza ni sakafu na yale mabano ambapo bodi hufungwa kwenye chasisi. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kama boksi. Nyanyua zulia la mbele na la nyuma. Fungua buti, toa tairi la spea, tazama lilipolala. Ukikuta lami nyeusi imepakwa mpya chini nzima, uliza kwa nini. Mwaka mmoja nilinunua sedani ya aina hii ikiwa imepakwa vizuri sana chini, kama kiatu kipya. Nilipoosha kwa maji ya moto, sakafu ya abiria wa mbele ilikuwa bango la bati la tangazo la soda, limechomelewa kwa ufundi wa kuridhisha kabisa. Bango lenyewe nimelining'iniza gereji hadi leo.

Fungua na kufunga milango yote minne. Mlango ukishuka ukiachiwa, au pengo lake likiwa pana juu na jembamba chini, ama bawaba zimechoka, ambalo ni jambo dogo, ama bodi imelegea katikati, ambalo ni jambo kubwa. Nguzo ya katikati ya sedani yako ndiyo inayoipa uimara kuliko ndugu zake wasio na nguzo. Hiyo ni faida moja ya gari la bibi ambayo wenzako hawakukutajia.

Mitambo nitaipita haraka. Umeme wake ni wa volti 12, kwa hiyo hutahangaika na betri. Kuna dainamo badala ya alternata, na taa zitafifia ukiwa umesimama na injini ikizunguka polepole. Uliza gia ni ipi. Gia tatu za mkono zenye kijiti kwenye usukani ni ngumu kuharibika. Powerglide ya otomatiki ina gia mbili tu, ni mvivu lakini ni mwaminifu. Turboglide, otomatiki nyingine iliyotoka mwaka ule ule wa 1957, ilikuwa laini kama siagi ilipokuwa nzima, na ilikuwa mateso ilipokuwa mbovu. Ukiikuta bado imo, shusha bei. Mfumo wa magurudumu ya mbele una boljointi, kwa hiyo fundi yeyote wa leo atauelewa. Mipira ya petroli ya zamani hubadilishwa yote, kwa sababu petroli ya Marekani siku hizi ina ethanoli na huila. Oili weka ile yenye zinki ya kutosha, la sivyo kamshafti italika. Petroli isiyo na risasi isikutie hofu ukiwa mtu wa Jumapili. Vali zitalalamika kwa anayeiendesha kwa kasi na mzigo maili nyingi.

Umesema watoto watatu. Hapa sitakubembeleza.

Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikitembea maili 40 kwa saa, pua kwa pua upande wa dereva. Wengi walidhani chuma kizito cha zamani kitaila Malibu. Kilichotokea ni kwamba chumba cha abiria cha Bel Air kilijikunja, na mwanasesere aliyekuwa kwenye usukani, kwa vipimo vyao, angekufa. Wa Malibu angechechemea mguu. Ni kweli lile lilikuwa la 1959, lenye chasisi tofauti na lako. Lakini lako nalo lina nguzo ya usukani iliyonyooka kuelekea kifuani bila pa kukunjikia, dashibodi ya chuma, na breki za ngoma magurudumu yote manne zinazotegemea masta silinda yenye njia moja. Bomba moja likipasuka, unakanyaga hadi sakafuni na gari linaendelea. Mikanda ya usalama haikuwa ya lazima.

Ukilinunua, kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya kitu chochote cha kupendeza: masta silinda ya njia mbili, na breki za diski mbele. Seti zake zinauzwa tayari, na fundi wa kawaida huzifunga bila kukata kitu. Halafu mikanda kwa viti vyote, iliyofungwa kwa bolti kupitia sakafu nzima na bamba la chuma chini yake, si kwa skrubu kwenye bati. Kiti cha mtoto mdogo hakikai sawasawa kwenye benchi lile hata ufanyeje. Mtoto anayehitaji kiti asipande kwenye barabara yenye magari. Wakubwa wapande, mikanda imefungwa, mtaani, polepole, mchana. Barabara kuu muachie mama aende nao kwenye gari lenu la kila siku, wewe uwafuate na hili. Nimeona familia ikifanya hivyo kila wikendi, na watoto wakafurahi zaidi, maana walikuwa wanaliona gari zima badala ya mgongo wa kiti.

Ohio hutoa namba za gari la kihistoria kwa lililozidi miaka 25, lakini ni kwa maonyesho, gwaride, matembezi ya klabu na safari za gereji. Ukitaka kwenda nalo kazini, chukua namba za kawaida. Bima uichukue ya thamani iliyokubaliwa kwa maandishi, na uandikishe Two-Ten. Ukiandikisha Bel Air na likaungua, kampuni itasoma bati kama nilivyolisoma mimi.

Kulipeleka Mombasa, ondoa hilo kwenye hesabu ya kununua. Kenya kwa kawaida inataka gari la mtumba liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka 8. Lako lina usukani wa kushoto na umri wa babu yako. Zungumza na wakala wa forodha bandarini kabla ya kulipa senti ya kontena. Kama moyo unataka Chevrolet ya enzi hizo kwenye barabara ya Nyali, General Motors walikuwa na kiwanda Port Elizabeth (leo Gqeberha), Afrika Kusini, wakiunganisha za usukani wa kulia. Kwa usukani anzia huko; umri bado utaulizwa forodha.

Basi rudi kwa mwenye gari. Usimwaibishe. Mwambie umesoma bati, umekuta B na umekosa V, na unalitaka kama Two-Ten ya silinda sita iliyobadilishwa injini. Atakataa kwanza. Mpe karatasi yenye herufi hizo, akatazame mwenyewe mlangoni, na mwachie namba yako ya simu. Gari la milango minne halina foleni ya wanunuzi nje; siku tatu zinatosha. Akikuelewa, na sumaku ikishika chini, mimi ningelichukua, na ningerudisha grili ya fedha.

Na siku utakayolipeleka kituo cha mafuta mara ya kwanza, usizunguke gari zima ukitafuta mfuniko wa tangi huku watu wakikutazama. Umo ndani ya pezi la kushoto: ule ukingo wa kromu wa nyuma, juu ya taa, unafunguka kama kijimlango.